Sura ya Nne: Mateka na Watoro

Mkristo wa kwanza wa Rabai alikuwa kiwete. Aliitwa Mringe, mgonjwa na maskini, na wala si mtu ambaye wamisionari walikuwa wakimtazamia. Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 akiwa na ndoto kubwa ya kupanga vituo vya misheni kimoja baada ya kingine, kutoka pwani hii mpaka ile ya Atlantiki. Hata miezi haijaenda mingi, akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akapanda vilima vya Rabai, mwenzake Johannes Rebmann akamfuata, wakajenga na kuanza kuhubiri. Wazee wa kaya waliwapokea vizuri, wakawasikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Aliyeng'ang'ania ni Mringe. Alibatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 akiwa taabani, na haukupita muda akafa.

Kwenye jubilei za makanisa yetu habari hii hupitwa mbio mbio. Wasemaji hupenda zaidi kuanza na theluji ya Kilimanjaro aliyoiona Rebmann mwaka 1848, au na kamusi na tafsiri za Krapf. Si vibaya. Lakini kama tunataka kujua kanisa la Afrika Mashariki lilikutanaje na maskini, hatuna budi kukubali kwamba halikuwaendea kwa mpango. Mara nyingi lilikuwa na mpango mwingine kabisa, maskini wakatokea katikati yake. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, macho yamekufa, akiwa na waumini wachache mno. Na mwaka huohuo, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, watu walianza kushushwa kwa mamia.

Hao hawakuvutwa na mahubiri. Waliletwa na mkataba. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akiwa amewekewa tishio la manowari za Kiingereza, alitia sahihi ya kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Msomaji aangalie hapa kwa makini, kwa sababu sura nzima inasimama juu ya jambo hili: mkataba ulikataza biashara ya baharini na soko, haukukataza utumwa wenyewe. Mwenye shamba la mtama Malindi au Takaungu, au la karafuu Unguja, aliendelea kuwa na watumwa wake kihalali. Haramu ilikuwa jahazi lililowabeba. Manowari ikilikamata jahazi, watu waliomo walikuwa huru pale pale, na nahodha wa Kiingereza alibaki na swali la kuwapeleka wapi.

Kabla ya hapo wengi walipelekwa mbali, Aden, Shelisheli, Bombay. Huko India, karibu na mji wa Nasik, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa na makao ya Waafrika waliookolewa, na vijana waliolelewa pale wakajulikana kama Wabombay. Kumbuka jina hilo, nitalirudia. Ila wazo la kuwaweka watu hawa hapahapa pwani, katika kijiji chao chini ya kanisa, lilikuwa limekwisha kujaribiwa na Wakatoliki, Bagamoyo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Unguja miaka ya 1860 mwanzoni, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akavuka bara na kufungua misheni Bagamoyo, mji uleule ambao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiteremkia. Walinunua watoto sokoni, kwa fedha zilizochangwa Ulaya, wakawakomboa. Wavulana walilelewa na mapadre na mabruda, wasichana na masista. Walifundishwa dini, kusoma, useremala, uhunzi, kilimo. Wakifikia umri walioana wao kwa wao, na ndoa hizo kwa sehemu kubwa zilipangwa na misheni, kisha kila jozi ikapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Mtakatifu Yosefu. Siku nyingi za juma zilikuwa za shamba la misheni, chache za shamba lao. Kipindupindu kiliwapiga mwaka 1869. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha majengo karibu yote, kilekile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Wakajenga upya.

Nani anaweza kudharau kazi hiyo? Mtoto aliyekuwa auzwe Oman au afe njiani alipata jina, chakula, kazi ya mikono na mwenzi. Mgeni wa Bagamoyo leo huonyeshwa mbuyu wa misheni wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Wengi huondoka wakiamini ni mnyororo wa watumwa. Simulizi ya misheni yenyewe husema bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alifunga punda wake pale na mnyororo ukasahauliwa. Binafsi naupenda zaidi mnyororo wa punda, kwa kuwa huduma kwa maskini huacha vitu vya namna hiyo, visivyo na utukufu.

Hata hivyo huduma ile ilikuwa na upande wa pili, na upande huo uliandikwa na kuchapishwa Paris. Masista wa Unguja waliletewa msichana wa Kiyao aitwaye Suema, aliyekuwa amezikwa hai makaburini kwa kudhaniwa hana uhai tena, akafukuliwa. Maisha yake yalisimuliwa, yakapambwa, na mwaka 1870 yakatolewa kitabu nchini Ufaransa ili wasomaji, watoto wa Kifaransa wakiwemo, waguswe na kuchangia. Suema alikuwa mtu wa kweli na mateso yake yalikuwa ya kweli. Lakini hadithi ilivyosafiri, yeye alibaki na sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya kuhurumiwa. Yeyote aliyewahi kuona picha ya mtoto mwenye machozi kwenye kalenda ya shirika la hisani ameshakutana na wajukuu wa kitabu kile.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja mwaka 1873 kumshurutisha Sultani, alifika Bagamoyo akavutiwa sana. Aliporudi kwao akawashauri Waprotestanti wafanye vivyo hivyo. CMS wakamtuma W. S. Price, ambaye alikuwa ameongoza makao ya Nasik, na mwaka 1875 kikajengwa kijiji upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Freretown. Palikuwa na kengele ya kuonya watu iwapo wavamizi wangekuja usiku. Jina la Kengeleni bado lipo, na makonda wa matatu za Kisauni hulitaja siku nzima bila kufikiria watumwa.

Watu waliokabidhiwa Freretown na manowari waliitwa mateka. Walitoka kwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na kwingineko. Walikuwa hawajuani, hawana ukoo pwani, wengi watoto. Fikiri mama anayeshuka kwenye mashua, nguo yake ni kipande alichopewa na mabaharia, haelewi lugha ya aliyemteka wala ya aliyemwokoa. Anahesabiwa. Anaandikwa jina. Anapewa posho na mahali pa kulala. Kesho yake kengele inalia na kuna kazi ya shamba, kuna sala, kuna darasa. Atakayekiuka kanuni ataadhibiwa.

Adhabu zenyewe zilifika mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilibainika kwamba msimamizi mlei wa kijiji, J. R. Streeter, alikuwa akiwachapa watu viboko vikali. Habari zikafika kwa maofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza, zikafika London, na CMS ikalazimika kumwondoa. Watetezi wake walisema kijiji cha mamia ya watu waliotoka kila upande hakiwezi kuongozwa kwa upole. Huenda. Wamiliki wa watumwa kule Mombasa nao walisema hivyohivyo. Kwangu mimi jambo zito si ukali wa mtu mmoja bali utaratibu uliomwezesha: kijiji ambamo anayetoa chakula ndiye hakimu, ndiye mwajiri, na ndiye mwenye ardhi. Mtu aliyekombolewa hakuwa na mahali pengine pa kwenda kushtaki.

Kanisa, hata hivyo, liliwapenda mateka. Na sababu yake ni rahisi kuielewa. Walikuwa na hati safi. Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyowaleta, wafadhili wa Uingereza ndio waliowalipia, na hakuna jirani aliyeweza kuja mlangoni kusema huyu ni wangu. Maskini wa aina hii hana ugomvi na mtu. Kumsaidia hakukuletei kesi.

Basi wakaja watoro.

Watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao hapahapa pwani. Hawakuletwa na mtu. Walitoka mashamba ya Takaungu, ya Malindi, ya viunga vya Mombasa, wakakata mwitu usiku mpaka vilima vya Wamijikenda, ambao walikuwa wamezoea kuwapokea watu wa namna hiyo tangu kabla ya misheni, mara nyingine kwa wema na mara nyingine kuwafanya watumwa wao. Rabai si mbali na Mombasa, mtu anatembea kwa miguu akafika. Sifa ya mahali palipo na kitabu, na palipo na Mwafrika mwenzao aliyesimamia kanisa, ilienea shamba kwa shamba.

Mwafrika huyo alikuwa William Jones. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akaokolewa, akalelewa Nasik, na miaka ya 1860 akarudishwa Afrika na wenzake wachache, Ishmael Semler akiwa mmojawapo, kumsaidia Rebmann. Hao ndio Wabombay niliowataja. Walijua Kiingereza, walijua ufundi, walijua utumwa kwa miili yao. Jones alipokabidhiwa Rabai, wale waliokuwa wakigonga usiku hawakuwa kwake suala la sera. Aliwapokea. Wakapewa viwanja, wakalima, wakaanza kuja kanisani, na hesabu ya waumini ambayo Krapf na Rebmann waliisubiri kwa miongo ikafurika.

London ilishtuka. Kwa sheria ya Sultani, mtoro ni mali ya mtu. Kumhifadhi ni wizi. Balozi wa Uingereza kule Unguja aliwaonya wamisionari wasihifadhi watoro, na makao makuu ya CMS yakatoa maagizo ya namna hiyohiyo. Walihofia mambo mawili, na hofu hizo hazikuwa za kipuuzi. Mombasa wenye watumwa walikuwa wamekasirika, na mwaka 1880 walitishia waziwazi kuivamia Freretown. Tena, kama Sultani angeondoa idhini yake, misheni yote ya pwani ingefungwa, na mateka waliokwisha kukaa wangepotea pamoja na watoro. Mtu mwenye dhamana ya watu mia tano ana haki ya kuuliza kama inafaa kuwahatarisha kwa ajili ya mmoja aliyefika jana usiku. Mfano wa kondoo mmoja na tisini na tisa unasomeka vizuri zaidi kanisani kuliko kwenye kikao cha bodi.

Mbali na macho ya Wazungu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mgiriama mmoja Mkristo, David Koi, aliongoza makazi ya watoro kule Fuladoyo, bara ya Rabai. Hapakuwa na mmisionari mkaazi wala fedha za London, na hakuna bendera iliyowalinda. Walikuwa watu waliojikomboa kwa miguu yao, wakajenga, wakalima, wakasali kwa walichojifunza. Wenye watumwa hawakuweza kuvumilia mfano wa aina hiyo, kwa sababu kila mtumwa aliyebaki shambani aliusikia. Mnamo mwaka 1883 Koi alikamatwa na kukatwa kichwa. Ndiye anayehesabiwa shahidi wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi ambayo leo ni Kenya. Ukiwauliza Wakenya kumi waendao kanisani wakutajie shahidi wa enzi hizo, watakutajia wa Uganda.

Shahidi mwingine wakati huo alijulikana dunia nzima, na Jones alihusika naye. Askofu James Hannington alifika pwani mwaka 1885, akawapa Jones na Semler ushemasi, kisha akamchukua Jones katika safari ya kwenda Uganda kwa kupitia nchi ya Wamasai. Walipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, Hannington akatangulia na watu wapatao hamsini, akamwacha Jones na wengine wangoje. Akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na karibu watu wake wote pamoja naye. Waliosalimika wachache wakarudi na habari. Jones, shemasi wa miezi michache, akaongoza msafara uliobaki kurudi pwani kwa miguu. Waliingia Rabai Februari 1886 wakitanguliwa na bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe, ICHABODI, jina alilopewa mtoto katika kitabu cha Samweli siku sanduku la agano lilipotekwa. Vitabu vingi vya dini vimeandikwa juu ya askofu. Juu ya aliyerudisha watu nyumbani wakiwa hai, vichache sana.

Kufikia mwaka 1888 mambo yalikuwa hayafichiki tena. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ilikuwa imekodishwa pwani na Sultani, na mwakilishi wake George Mackenzie alifika Mombasa akakuta mji umechemka. Wenye mashamba walisema watumwa wao wako misheni. Wamisionari walisema hawahifadhi watoro. Orodha ikafanywa, na majina ya watoro katika vituo vya CMS na vya Wamethodisti yakapita 1,400, wengi wao Rabai. Price mwenyewe, aliyekuwa amerejea mwaka huo, alikiri kuwa hakutegemea idadi hiyo.

Mackenzie hakuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara aliyehitaji amani na matajiri wa pwani, na aliyehitaji wapagazi. Akapendekeza fidia: mabwana walipwe, watoro wapewe hati zao. Fedha zikachangwa na kampuni, serikali ya Uingereza na misheni zenyewe. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanyika Rabai, wakaitwa kwa majina, kila mmoja akakabidhiwa karatasi ya uhuru.

Wengine huisimulia siku hiyo kama ushindi wa huruma ya Kikristo. Mimi nina mashaka na simulizi hiyo, si kwa sababu fidia ilikuwa mbaya, ingawa inakera kumlipa mwizi ili akubali kuacha alichoiba. Mashaka yangu ni juu ya nani alitenda. Kampuni isingelipa kama watu hao wasingekuwapo pale. Misheni isingechanga kama isingekutwa imewapokea huku ikikana. Na wasingepokelewa kama Jones, na Koi, na wazee kadhaa wa Rabai ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao, wangetii maagizo. Watoro 1,400 waliilazimisha Kampuni, Ubalozi na Kanisa kufanya kile ambacho mkataba wa 1873 haukuthubutu. Walianza wao. Wengine wote walikuja nyuma na kalamu.

Malipo ya Jones kwa kazi hiyo yalikuwa kama ya Wabombay wenzake, madogo kuliko ya Mzungu yeyote mwenye wadhifa wa chini yake, na walilalamika. Wamisionari wapya waliokuja miaka ya mwisho ya karne hiyo walikuwa na dharau kuliko wale wa kwanza, wakawaona Waafrika hawa wenye Kiingereza na viatu kuwa na kiburi. Taasisi inayowahudumia wanyonge hupata shida kubwa mnyonge anapoacha kuwa mnyonge, akaomba kiti mezani.

Lakini viti walivipata, kama si kwa misheni, basi kwa elimu waliyoipata misheni. Makarani, wapiga chapa, walimu na wakalimani wengi wa mwanzo wa Kenya ya kikoloni walitoka Freretown na Rabai. Chuo cha kufundishia makasisi kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. James Juma Mbotela, mwana wa mateka, aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili vya nathari vilivyoandikwa na Mwafrika wa pwani hiyo. Na wa ukoo huohuo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, aliyewauliza Wakenya redioni kwa miaka na miaka kama huu ni ungwana.

Kuna huduma nyingine kwa maskini ambayo haina kijiji wala posho, nayo kanisa huiogopa kuliko ile ya kuhifadhi watoro. Ni kuiambia serikali hapana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana wa misheni ya UMCA, aliwahi kuongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja katika Vita Kuu ya kwanza, akitembea nao kwa miguu. Aliona jinsi mwili wa mpagazi unavyotumika. Mwaka 1919 Gavana Northey wa Kenya alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu "kuwahimiza" watu waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na kila aliyekuwa chini ya chifu alijua himizo hilo lina maana gani. Viongozi wa misheni za Kenya na Uganda walijibu kwa waraka wa tahadhari: walikubali kazi za lazima mradi ziwekewe sheria na mipaka. Walikuwa na sababu zao, zilezile za 1880. Wana shule za kulinda, wana ruhusa za kuomba.

Weston hakutafuta mipaka. Mwaka 1920 alitoa kijitabu cha hasira akisema Uingereza inajitengenezea watwana katika Afrika. Mjadala ukafika Bungeni, na mwaka 1921 London ikaagiza kwamba maofisa wasitumie nguvu ya serikali kuwapatia walowezi binafsi vibarua. Miaka miwili baadaye, kwenye mkutano mkubwa wa Waanglikana London, aliwaambia watu wanaopenda uvumba na mishumaa kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita kwenye vichochoro vya maskini. Alikufa mwaka uliofuata katika dayosisi yake, upande wa Magila. Nimemweka Weston hapa kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa askofu wa madhehebu yaliyopenda ibada za fahari, na bado hakuona mgongano. Wanaotuambia leo kwamba kanisa lichague kati ya sala na siasa hawajamsoma.

Tuje karibu. Ukipita kwenye mahesabu ya parokia na dayosisi zetu, mateka utawaona haraka. Wana safu yao. Yatima aliyefadhiliwa na familia ya ng'ambo, mwanafunzi wa karo, mjane wa mchango wa Pasaka. Wamechaguliwa, wamepigwa picha, wameandikwa. Nchini Kenya serikali ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia, na makao mengi yanayoguswa yanaendeshwa na makanisa. Baadhi ya viongozi wa dini wamelalamika, na ninawaelewa: kuna watoto ambao familia ndiyo waliyoikimbia. Ila nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua pia kwamba makao yana mfadhili, na shangazi wa kule kijijini, ambaye angeweza kumlea mtoto kwa robo ya fedha hizo, hana wa kumpiga picha.

Watoro nao wapo. Mfanyakazi wa ndani anayetoka kwa tajiri wake usiku na mfuko wa plastiki, na tajiri huyo ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Watu waliobomolewa vibanda kwenye ardhi yenye kesi. Msichana mjamzito ambaye aliyempa mimba anajulikana na haguswi. Hawa hawana safu. Kuwapokea kunaleta simu kutoka kwa mtu mzito, na ofisi ya parokia hufungwa saa kumi na moja.

Wanakopokelewa, mara nyingi, ni kwenye jumuiya ndogondogo. Maaskofu Wakatoliki wa kanda hii walizifanya kipaumbele miaka ya 1970 wakiwa na nia ya kichungaji: familia chache za mtaa mmoja zisome Neno pamoja, zijuane. Sidhani walitabiri zingefanya nini. Nenda Jumamosi asubuhi kwenye mtaa wowote wa Mwanza au Kisumu, utakuta wanawake dazeni na wanaume wawili kwenye viti vya plastiki, Biblia imefunguliwa, bakuli la mchango linapita, na baada ya sala ya mwisho katibu anafungua daftari la mistari na kuuliza nani anaumwa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Fulani kalazwa, nani atapeleka uji. Mpangaji wa nyumba ya nyuma katolewa vitu nje, nani ana chumba mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna anayeuliza kama ni Mkatoliki, au wakiuliza, jibu halibadilishi uji.

Miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu na mimbari nyingi zikiwa bado zinahubiri juu ya dhambi ya wagonjwa, wanawake hawa ndio waliokuwa wakiingia nyumba ambazo ndugu wamezikimbia. Waliwageuza wagonjwa kitandani, wakafua shuka, wakaosha vidonda kwa maji ya chumvi, wakazika. Dawa za kurefusha maisha hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Fedha nyingi za nje, ukiwemo mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003, zilipofika na fomu zake na semina zake za huduma za nyumbani, ziliwakuta akina mama wameshapangiana zamu.